Muyaka hakutuachia kitabu, jamani

Kila mara nasikia mtu anasema Muyaka bin Haji, yule mshairi wa Mombasa, aliandika diwani, yaani kitabu cha mashairi yake, eti kitabu kipo tangu enzi zake, hapana sio hivyo kabisa. Muyaka alifariki 1840. Diwani yenyewe imechapwa 1940 kule Johannesburg, mhariri William Hichens, yaani miaka 100 baadae! Sasa hapo katikati nani alikuwa anayatunza mashairi?

Ndo hapo watu wanamsahau Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Huyu mzee wa Mombasa ndo aliyakusanya kwa watu waliokuwa wameyahifadhi kichwani, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kuyatolea maelezo, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na karatasi za Taylor leo ziko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kule London. Wengine wanampa Taylor sifa zote, mi naona sio haki, bila Sikujua hamna kitu.

Na usidhani kazi ya nyaraka ni kunakili tu. Kwenye hati za zamani herufi ب unaweza kuisoma b, p au mb, alafu o na u zinatumia alama moja, kwa hiyo "mbona" na "pona" zinaweza kuandikwa sawasawa, lazima ukijue Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, cha wakati ule na ujue shairi lilimlenga nani. Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akaja kuyachambua tena mashairi ya Muyaka, kitabu chake kikatoka 1979, Nairobi. Mimi nawaheshimu sana hawa wazee.