Usonji kwa mtoto mdogo: maswali ninayoulizwa kila siku ya kliniki hapa Busia, Uganda

Usonji ni nini hasa?

Ni ukuaji wa ubongo ulio tofauti, unaoanza mtoto akiwa bado tumboni. Mtoto hupata shida kuwasiliana na kuchangamana na watu, hupenda kurudia jambo lile lile, na sauti, mwanga au mguso unaweza kumkera kupita kiasi. Wapo wanaozungumza vizuri, wapo wasiosema kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao, kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa Wazungu.

Nitaanza kuutambuaje?

Mwaka mmoja: ukimwita jina hageuki, habwabwaji, hapungi mkono wa kwaheri. Mwaka na nusu: haonyeshi kitu kwa kidole ili nawe ukione. Akitaka maji anakushika mkono, anakuvuta hadi kwenye mtungi na kuuweka mkono wako juu ya kifuniko, bila kukutazama usoni hata mara moja. Miaka miwili: haunganishi maneno mawili ya kwake mwenyewe, kama "mama njoo". Kuna pia wanaokaa saa nzima wakizungusha kifuniko cha sufuria, na wanaolia kana kwamba wamechomwa ukibadilisha njia ya kwenda sokoni.

Dalili moja peke yake haitoshi kusema ni usonji. Lakini mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, awe na umri wowote, aletwe wiki hiyo hiyo.

Labda hasikii tu?

Huenda, na ndiyo maana masikio hupimwa kwanza. Ila wazazi wengi hunipa jibu wao wenyewe: "Nikimwita mara kumi hageuki, lakini nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio." Hata hivyo apimwe. Kusikia pakiti si ushahidi kwamba anasikia maneno yote.

Musawo (yaani daktari), mwanangu ana miaka miwili na nusu hasemi. Mama mkwe anasema wavulana huchelewa. Tungoje?

Hapana.

Lakini baba yake naye alisema akiwa na miaka minne.

Bado ni hapana. Sijui baba yake alikuwaje, na mama mkwe hakumpima. Ninachojua ni kwamba watoto wanaletwa kwangu wakiwa na miaka mitano au sita, baada ya nasari kuwarudisha nyumbani, na kila mzazi ananiambia aliona kitu tangu mtoto hajatimiza miaka miwili. Katikati hapo palijaa "ngoja". Ngoja aote meno yote. Ngoja apate mdogo wake, atamfundisha kusema. Ngoja tumpeleke kijijini. Miaka hiyo ya mwanzo ndiyo ubongo hujifunza kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, na sisi tunaitumia kungoja!

Ukimleta na ikawa amechelewa tu, umepoteza asubuhi moja na nauli ya bodaboda. Usipomleta na ikawa ni usonji, umepoteza miaka. Na ikiwa mhudumu wa afya ndiye aliyekuambia ungoje (wapo, nawafahamu), mwombe barua ya rufaa. Akikataa, nenda kituo kingine.

Tumkate utando wa chini ya ulimi? Au kimio?

Msimkate. Mtoto mwenye usonji ulimi wake ni mzima. Wembe huo huleta damu isiyokatika, pepopunda na usaha, kisha mtoto anarudi nyumbani na ukimya wake ule ule, sasa anaogopa hata kijiko. Nimeona vidonda hivyo mara nyingi mno kuendelea kulisema hili kwa upole. Msimkate.

Wanasema amerogwa, au ana pepo.

Anayetaka kuomba na aombe. Mimi pia naomba. Lakini ombeni mkiwa njiani kuja kliniki. Kumfukizia mtoto moshi, kumnyima chakula siku za maombi, kumchapa ili "kitoke": hayo ni kumtesa. Kumfunga kamba mguuni pia. Najua sababu yenu: mama yuko gengeni, mtoto hutoroka, na barabara ya mpakani imejaa malori. Tieni komeo la juu asilofikia, mshoneeni namba ya simu kwenye nguo, waambieni majirani na vijana wa bodaboda wamjue sura. Kamba hapana.

Na msimnyweshe "maji ya muujiza" ambayo mwaka 2019 iligundulika yanagawiwa hapa Uganda kama tiba ya kila kitu. Ni kemikali ya viwandani ya kung'arishia vitu. Inaunguza koo na matumbo. Hakuna dawa inayoondoa usonji, anayekuuzia anakuibia.

Ni chanjo iliyomharibu?

Hapana. Maneno hayo yalitokana na makala moja ya Uingereza ya mwaka 1998, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na daktari aliyeiongoza akafutwa kwenye daftari la madaktari mwaka huo huo. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na miezi 18, umri ule ule ambao dalili huanza kuonekana wazi, basi watu wanaunganisha. Surua inaua. Chanja.

Nyumbani tunasema Kisamia, Kiswahili na Kiganda. Mwalimu anataka Kiingereza tu.

Lugha nyingi hazileti usonji wala haziuongezi. Msemeshe kwa lugha unayoiweza vizuri. Mama anayejikaza kwa Kiingereza cha kuokoteza huishia kunyamaza, na mtoto huyu ndiye asiyestahili kunyamaziwa.

Nifanye nini nikiwa nasubiri miadi?

Usisubiri mikono mitupu. Keti chini, uso wako ulingane na wake. Fuata anachochezea: akizungusha kifuniko, nawe chukua kimoja uzungushe, sema "zunguka!", kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi tano ukimpa nafasi. Tumia maneno machache. Mshikie ndizi mkono huu na chapati mkono ule, asubiri kidogo, achague; akitazama tu au akinyoosha mkono, hilo ni jibu, mpe mara moja. Mambo ya siku yafuate mpangilio ule ule, na mabadiliko mwambie mapema. Simu yenye katuni haikuleta usonji, ila kila saa anayokaa nayo ni saa ambayo hakuna aliyezungumza naye. Izime.

Dakika kumi hivi, mara kadhaa kwa siku. Baba pia ana mikono.

Shule inaweza kumkataa?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu hiyo. Ongea na mwalimu mkuu mapema, ukiwa na barua ya hospitali.

Nianzie wapi, na nibebe nini?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, au mwone mhudumu wa afya wa kijiji. Kutoka huku mashariki tunawaelekeza hospitali ya rufaa ya Mbale, na wengine hufika Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala, ambako kuna wodi ya watoto. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Anayekudai pesa za vipimo hivyo ili "kuuthibitisha" mwulize anatafuta nini. Daktari humwangalia mtoto akicheza na kukuuliza mengi.

Beba kadi ya chanjo. Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani, akila, akicheza, akiitwa jina, kwa sababu kliniki atajificha nyuma yako. Na uje na yule anayeshinda naye mchana, hata kama ni dada wa kazi: mara nyingi yeye ndiye ajuaye alianza lini kuacha kuitika.