Uliyesoma kwa Kifaransa, tatizo lako ni maneno mafupi ya Kiingereza

Mtu aliyesomea Bukavu, Goma au Bujumbura kwa Kifaransa, akianza kupanda kwenye Kiingereza cha juu, huogopa maneno marefu: "magnanimous", "lucidity", "perspicacious". Hayo anayo tayari. Yanayomwangusha ni mafupi: "gaunt", "brittle", "chide", "dwindle". Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala mahakama na kasri kwa muda mrefu, na maelfu ya maneno yake yakabaki huko hadi leo. Maneno mengi mafupi ya kila siku hayakutoka huko. Ni ya ukoo wa Kijerumani, na Kifaransa hakikusaidii kuyakisia.

Ndiyo maana nasisitiza: usitafutie kila neno hila ya kumbukumbu. Chuja kwanza: yatenge yale unayoweza kuyakisia kwa Kifaransa.

Kuchuja kunataka funguo chache tu. Kijikofia cha Kifaransa (^) mara nyingi kinakaa mahali palipokuwa na s, na Kiingereza bado kinayo: "forêt" ni "forest", "hâte" ni "haste", "honnête" ni "honest". É ya mwanzo hufanya vivyo hivyo: "étrange" na "strange", "éponge" na "sponge". G au gu ya mwanzo mara nyingine ni w, kwa sababu Wanormandi walitamka hivyo: "guerre" ni "war", "gages" ni "wages", "garde-robe" ni "wardrobe". Na "-eau" huficha "-el": "vaisseau" na "vessel", "morceau" na "morsel". Hata "haughty", yaani mwenye majivuno, ndani yake mna "haut".

Ila funguo hizi hufungua pia milango ya uongo. "Inhabité" ni pasipokaliwa na watu, lakini "inhabited" ni panapokaliwa. Hapa kumbuka kwamba "in-" ya neno hili la Kiingereza ina maana ya ndani, si ya kukanusha: "inhabitant" ni anayekaa ndani. "Versatile" kwa Kifaransa ni kigeugeu. Kwa Kiingereza ni sifa, mtu anayeweza kazi nyingi. "Eventually" ni hatimaye, wala si labda kama "éventuellement". Maneno ya namna hii yaandikie daftari lake, kila moja na sentensi mbili, ya Kifaransa na ya Kiingereza, zinazopingana waziwazi.

Yaliyobaki baada ya kuchuja ndiyo yanayohitaji ndoano, yaani neno unalolijua linalofanana nayo kwa sauti, likiunganishwa na maana kwa picha. Mbinu hii ilipimwa na watafiti Atkinson na Raugh mwaka 1975 kwa wanafunzi waliojifunza maneno 120 ya Kirusi: waliotumia ndoano walikumbuka asilimia 72, wasiotumia asilimia 46. Wewe una ghala mbili za ndoano, Kifaransa na Kiswahili, na hiyo ni mali.

Lisikilize neno kwanza, ulitamke kwa sauti mara tatu. Kisha tafuta neno unalolijua linalofanana na silabi yenye mkazo. Halafu unda picha moja ambamo ndoano na maana vinagusana, na kitu kinatendeka. Funga macho uitazame kama sekunde kumi.

"Brittle", kitu kikavu kinachovunjika upesi: "bretelle" ya begani imetengenezwa kwa biskuti, ukiivuta inakatika kwa mlio. "Gaunt", aliyekonda hadi mifupa ikaonekana: mkono mwembamba kiasi kwamba "gant" inateleza na kuanguka. "Dwindle", kupungua kidogo kidogo: "dinde" mezani, jana mzima, leo nusu, kesho bawa moja. "Chide", kukaripia: bibi anamkemea mjukuu aliyemwaga chai. "Shimmer", kumetameta: mwezi unacheza juu ya maji ndani ya shimo.

Makosa ninayoyaona zaidi ni matatu. La kwanza ni kufuata tahajia badala ya sauti. Ukiona "dire" utakumbuka kusema, kumbe Kiingereza hulitamka karibu na "daya" na maana yake ni hali mbaya mno. La pili ni picha iliyoganda: glovu kando ya mtu mwembamba haishiki, lazima ianguke. La tatu ni kujifunza siku moja maneno yanayofanana, kama "scarce", "scare" na "scar". Yatachanganyika, na kuyatenganisha baadaye ni kazi kubwa kuliko kuyajifunza upya. Yaachie angalau wiki moja kati yao.

Maneno manane kwa siku yanatosha, na yenye ndoano yasizidi matano. Zaidi ya hapo marudio yatakulemea kufikia wiki ya tatu. Tumia sanduku la kadi lenye sehemu tano aliloeleza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972: napendekeza ya kwanza uirudie kila siku, ya pili baada ya siku mbili, ya tatu siku nne, ya nne wiki moja, ya tano mwezi. Ukipatia, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi mwanzo kabisa.

Kwenye kadi andika upande mmoja sentensi ya Kiingereza yenye pengo pamoja na maana kwa Kiswahili, upande wa pili neno lenyewe, silabi ya mkazo ikiwa imepigiwa mstari. Mstari huo ni muhimu, kwani Kifaransa kimekuzoesha kukaza mwishoni. Anayeangalia neno na kutaja maana tu hulitambua anaposoma, lakini halimjii anapozungumza. Jibu kwa sauti, usijibu moyoni.

Picha usiichore kwenye kadi. Ikishachorwa utaisoma badala ya kuikumbuka. Na kadi ikirudi sehemu ya kwanza mara tatu, usiikariri kwa nguvu. Ndoano ndiyo mbovu: ifute, utafute nyingine.