Kikombe cha ndizi si gramu 250

Wiki hii nimekutana tena na maelekezo ya keki yaliyoandikwa "ndizi mbivu kikombe 1, yaani gramu 250". Kabla ya hapo ilikuwa jemu ya nanasi, na kabla ya jemu, achari ya embe. Kila tunda, kikombe ni gramu 250.

Uzito ni jinsi kitu kinavyolemea mizani; ujazo ni nafasi kinayochukua. Gramu, kilo na ratili hupima uzito. Kikombe, kijiko, lita, sado na debe hupima ujazo. Hakuna namba moja ya kukuvusha kutoka huku kwenda kule: kila tunda lina yake, na hata tunda lilelile hubadilika kwa jinsi lilivyokatwa.

Kiswahili kimeyatenga haya mawili zamani. Uzito umetokana na -zito, ujazo umetokana na kujaa. Wazee walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili kisaga, vinne pishi. Vyote ni vipimo vya kujaza, ndiyo maana haba na haba hujaza kibaba. Karafuu za Zanzibar, zilizopitia kwenye mizani, ziliuzwa kwa frasila. Na kila Ramadhani swali hurudi: zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula, je, ni kilo ngapi? Watu hushangaa wakipewa majibu tofauti, lakini pishi ya mchele na pishi ya unga zitalinganaje kwenye mizani?

Nadhani kinachotuchanganya ni maji, na historia ya maneno yenyewe inachangia. Ratili tuliipata kwa Waarabu, nao asili yake wameitoa kwenye litra ya Wagiriki, kipimo cha uzito. Lita tuliipata kwa Wazungu, na ukiifuata nyuma kupitia Ufaransa unafika kwenye litra hiyohiyo. Ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja akabaki kwenye mizani, mwingine akahamia kwenye chupa. Halafu kuanzia 1901 hadi 1964 lita ilielezwa rasmi kuwa nafasi inayojazwa na kilo moja ya maji safi. Kwa hiyo kwa maji, kikombe cha mililita 250 ni gramu 250, na aliyefundisha hivyo hakukosea. Kosa ni kuichukua namba ya maji na kuipa ndizi.

Chukua kikombe cha Kimarekani, mililita 237 hivi, ukijaze vipande vya ndizi. Utapata kama gramu 150, kwa sababu kati ya kipande na kipande pana hewa. Ziponde ndizi kwa uma hadi ziwe uji mzito, ukijaze tena kikombe kilekile: sasa ni kama gramu 225. Vipande vya embe au nanasi hukaa kwenye 165 hivi. Sasa rudi kwenye ile keki. Mwenye mizani ataweka gramu 250, mwenye kikombe atajaza vipande na kuweka 150, na wote wawili wamefuata maelekezo. Mmoja keki yake itabaki mbichi katikati, na atadhani ni oveni.

Hapo bado sijataja maganda na kokwa. Kilo ya embe uliyopimiwa sokoni haifiki kilo ikiingia sufuriani.

Kwa hiyo ukiulizwa kilo ya embe ni vikombe vingapi, uliza kwanza limekatwaje, na kama limeshamenywa. Nawe unayeandika mapishi, kikombe hakina ubaya wowote, wengi hatuna mizani jikoni. Andika "ndizi zilizopondwa, kikombe 1", kisha hiyo "yaani gramu 250" uifute.