Mnara wa taa husomwa kutoka majini

Kwa miaka mingi nimekuwa nahodha wa boti za matembezi katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, na mara kwa mara abiria wangu wa Kisumu huniomba niwaongoze hadi pwani wakatazame minara ya taa ya zamani. Huwa nawasihi jambo moja tu: wasikubali safari inayorudi gatini kabla ya jua kutua. Mnara wa taa ulijengwa kwa ajili ya mtu aliye majini gizani, na anayeupita saa tisa mchana huwa ameona jengo tu.

Hoja hii huwaingia haraka nikiwakumbusha wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani wanaovuliwa kwa taa. Usiku usio na mbalamwezi, taa zao hutapakaa ziwani hadi mgeni akadhani kuna mji mbele yake, ilhali hakuna hata moja inayomwambia yuko wapi, kwa kuwa zote huwaka mfululizo na zote huelea. Taa ya mnara haihami, na mara nyingi ina mpigo wake: humulika, huzima, humulika tena kwa muda uliopangwa na kuandikwa katika ramani ya bahari, hivi kwamba nahodha akihesabu sekunde hutambua ni mnara upi hata kama haoni ukuta wake.

Umbali nao una hesabu yake. Kwa sababu ya mviringo wa dunia, taa iliyo mita 25 juu ya maji huonekana kutoka takriban maili 14 na nusu za baharini na mtu ambaye macho yake yako mita 4 juu ya maji. Akikaa chini ndani ya mashua, macho yakiwa mita 1 tu, hubaki na maili 12 na nusu. Ndiyo maana huwapandisha abiria sitaha ya juu. Mwanga wenyewe hukusanywa na lenzi iliyobuniwa na mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel, iliyowekwa mara ya kwanza katika mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823: pete za kioo huikamata miale ambayo ingepotelea juu na chini, zikailaza kuelekea upeo wa bahari.

Safari niipendayo kuliko zote ni ya Zanzibar. Mnara wa kisiwa cha Chumbe, kilomita 12 hivi kutoka Mji Mkongwe, ulijengwa mwaka 1904. Mkiondoka mjini, geukeni mtazame Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani. Mbele ya jumba hilo ulisimama mnara wa taa wenye saa, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Jumba lilipokarabatiwa likapewa mnara wa saa wa kwake, nao ukaporomoka Desemba 2020. Pengo lile huniuma kila ninapolipita.

Jioni moja huko pwani nilikuwa na mzee wa Dunga, ufuo wa wavuvi huko kwetu Kisumu, aliyevua omena maisha yake yote. Taa ilipowaka, hakusema neno. Alianza kuhesabu kwa kugonga kidole kwenye ubao wa boti. Alirudia mara tatu, kisha akanigeukia: “Nahodha, hii haibadiliki.”