Je, wajua? Kwa nini dawa "iliyogunduliwa na kompyuta" bado haijafika hospitalini

Februari 2020 habari ilienea duniani kote: akili mnemba imegundua kiuavijasumu kipya, halisini, kinachoua hata bakteria waliokwisha kuwa sugu kwa dawa karibu zote. Mei 2023 ikafuata habari nyingine ya aina hiyo, ya abausini. Miaka imepita, na hakuna daktari anayeweza kumwandikia mgonjwa dawa yoyote kati ya hizo mbili. Msomaji aliyefurahia vichwa vile vya habari ana haki ya kuuliza zimekwama wapi.

Hazikukwama. Kilichotangazwa kilikuwa mwanzo wa kazi, lakini wengi tulikisoma kama mwisho wake. Ili kuona jinsi hilo linavyotokea inabidi kuitazama habari hii hii kwa macho ya watu watatu ambao kwa kawaida hawakai meza moja: mtaalamu wa ujifunzaji wa mashine, mtaalamu wa vijidudu, na mtafiti wa uandishi wa habari.

Tuanze na kompyuta. Kabla haijatabiri chochote, kulikuwa na kazi ya mikono. Watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, katika timu iliyoongozwa na James Collins na Regina Barzilay, pamoja na Jonathan Stokes aliyeandika makala yenyewe kwa sehemu kubwa, walichukua kemikali 2,335. Kila moja waliichanganya na bakteria aina ya Escherichia coli, kisha wakapima kama bakteria wanaendelea kukua au wanazuiwa. Kemikali 120 ziliwazuia. Matokeo hayo, ya kuzuia au kutozuia, ndiyo yaliyokuwa darasa la kompyuta.

Kompyuta haikuelezwa kiuavijasumu kinafananaje. Ilipewa ramani ya kila molekuli: atomu zipi zimo, na ipi imeungana na ipi. Katika hesabu zake kila atomu hupokea taarifa za majirani zake, kisha taarifa za majirani wa majirani, mpaka molekuli nzima inageuka kuwa safu ya namba. Kutokana na namba hizo, modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa matokeo yale, hukadiria uwezekano wa molekuli kuzuia bakteria. Faida ya njia hii ni kwamba haifungwi na mazoea ya binadamu. Tangu Selman Waksman na wenzake walipopata streptomisini mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongoni, watafiti wengi walifuata njia hiyo hiyo ya kuchunguza udongo. Kwa miongo michache ilizaa matunda mengi, halafu ikaanza kurudisha molekuli zilezile zilizokwisha kujulikana. Wanakemia nao walizoea kurekebisha kidogo maumbo ya dawa za zamani, na bakteria aliyezoea dawa ya zamani hachelewi kumzoea mdogo wake.

Modeli ilipokamilika ilipewa kemikali nyingine zaidi ya 6,000, nyingi zikiwa dawa au kemikali zilizowahi kufanyiwa utafiti kwa magonjwa mengine. Watafiti wakachukua 99 zilizopewa alama za juu na kuzirudisha maabara. Kati ya hizo, 51 zilizuia bakteria kweli. Linganisha: mwanzoni ilikuwa kemikali 120 kati ya 2,335, yaani kama 5 katika kila 100. Sasa ni zaidi ya nusu. Kwangu mimi huo ndio ushindi wenyewe, na unastahili sifa zote. Kompyuta haikutengeneza dawa wala kuijaribu. Ilipunguza sana idadi ya mahali pa kutafuta.

Miongoni mwa zile 51, watafiti walitaka yenye umbo lisilofanana na viuavijasumu vilivyopo na isiyoelekea kuwa sumu kwa mwili. Halisini ikajitokeza. Haikuwa kemikali mpya. Ilikuwa imewahi kuchunguzwa kama dawa ya kisukari. Baadaye modeli ilipitia molekuli zaidi ya milioni 107 kwa siku tatu, kazi ambayo hakuna maabara ingeweza kuifanya kwa mirija na sahani. Molekuli 23 zilipelekwa maabara, na 8 zikaonyesha uwezo wa kuzuia bakteria.

Sasa zamu ya mtaalamu wa vijidudu, na hapa ndipo habari inaponoga. Bakteria huishi kwa kusukuma protoni, chembe ndogo mno zenye chaji chanya, nje ya utando wake, kisha kuziacha zirudi ndani kupitia milango maalumu. Protoni zinaporudi huendesha mtambo wa kutengeneza nishati, kama maji ya bwawa yanavyozungusha mitambo ya umeme. Halisini huvuruga tofauti hiyo ya protoni kati ya nje na ndani. Bakteria hubaki bila nishati na kufa.

Shabaha ya namna hii ni ngumu kuikwepa. Dawa nyingi hushika protini moja, na mabadiliko madogo katika jeni la protini hiyo yanatosha kumfanya bakteria awe sugu. Kubadilisha mfumo mzima wa nishati ni jambo jingine kabisa. Watafiti waliwaweka E. coli pamoja na halisini kwa siku 30 bila kuona usugu ukijitokeza, ilhali dhidi ya siprofloksasini, kiuavijasumu cha kawaida, usugu ulianza kuonekana ndani ya siku chache tu. Halisini iliua pia bakteria wa kifua kikuu kwenye sahani za maabara, na ikawaponya panya waliokuwa na vidonda vyenye Acinetobacter baumannii sugu, mmoja wa bakteria wanaowatesa sana wagonjwa wa vyumba vya uangalizi maalumu.

Lakini haikufanya kazi dhidi ya Pseudomonas aeruginosa. Bakteria huyo, kama wenzake wa kundi la Gram hasi, ana tando mbili badala ya moja, na utando wake wa nje hupitisha vitu vichache mno. Hata kinachofanikiwa kupenya hukutana na pampu zinazokitema nje. Kwa hiyo kemikali inaweza kuwa na shabaha nzuri kabisa na bado isifike kwenye shabaha hiyo. Jambo hili peke yake lingetosha kuwa makala nzima gazetini, kwa sababu linaeleza kwa nini maambukizi fulani ni magumu kutibu kuliko mengine.

Abausini ilifuata njia ileile, ila kwa shabaha finyu zaidi. Modeli ilifundishwa kwa kemikali zipatazo 7,500 zilizojaribiwa dhidi ya A. baumannii, na kati ya 240 zilizopelekwa maabara, 9 zilizuia bakteria. Abausini yenyewe humlenga zaidi bakteria huyo na kuwaacha wengine wengi, jambo zuri kwa mgonjwa kwa kuwa bakteria wa kawaida wa tumboni hawaguswi. Yenyewe pia ilitangazwa baada ya kujaribiwa kwa panya wenye vidonda.

Kwa panya, si kwa watu. Makala ya kitaaluma ya halisini inalitaja hilo mapema kabisa, kwenye muhtasari wake. Baada ya panya huja maswali ambayo sahani ya maabara haiwezi kuyajibu: dawa hukaa mwilini saa ngapi, ini na figo huifanya nini, kipimo kinachoua bakteria kiko mbali kiasi gani na kipimo kinachomdhuru mtu. Halafu huja majaribio ya awamu tatu kwa binadamu. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi, na kemikali nyingi huishia njiani.

Basi maneno "kwa panya" hupotelea wapi? Wengi huwalaumu wanahabari kwa kutia chumvi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walilichunguza swali hilo na kuchapisha matokeo katika jarida la BMJ mwaka 2014. Walikusanya taarifa 462 ambazo vyuo vikuu 20 vya Uingereza vilivipelekea vyombo vya habari kuhusu utafiti wa afya mwaka 2011, wakalinganisha kila taarifa na makala ya kitaaluma iliyoizaa pamoja na habari zilizoandikwa baadaye. Kati ya taarifa zilizohusu tafiti zisizofanywa kwa binadamu, kama za wanyama, asilimia 36 zilivuka mpaka katika kuhamisha matokeo hayo kwenda kwa binadamu. Pale taarifa ya chuo ilipotia chumvi namna hiyo, asilimia 86 ya habari nazo zilifanya vivyo hivyo. Pale ilipokuwa makini, ni asilimia 10 tu.

Chumvi nyingi, basi, ilikuwa imekwisha kutiwa kabla habari haijafika chumba cha habari. Waandishi wa utafiti huo walikuwa waangalifu: walisema wameona mambo mawili yakienda pamoja, hawakuthibitisha kwamba moja linasababisha jingine. Waliona pia kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba kutia chumvi kuliipa taarifa nafasi zaidi magazetini. Chuo kinachopunguza sifa za utafiti wake mpaka pale ushahidi unapoishia huenda kisipoteze chochote.

Hapa kompyuta inarudi, safari hii ikiwa upande wa pili. Kusoma taarifa 462 kwa jicho la binadamu ni kazi ya kuchosha, na kwa maelfu haiwezekani. Bei Yu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Syracuse waliifundisha modeli ya lugha kutambua sentensi inayodai kwamba jambo fulani husababisha jingine, na kuitofautisha na ile inayosema tu kwamba mambo mawili huonekana pamoja. Kisha wakaiachia maelfu ya makala pamoja na taarifa zake. Matokeo yao ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba asilimia 22 ya taarifa kuhusu tafiti za uchunguzi tu, zisizo na majaribio, zilidai sababu ambayo makala haikuidai, na kwamba vyuo vikuu vilifanya hivyo mara nyingi zaidi kuliko wachapishaji wa majarida. Kiwango hicho kilikuwa kimepungua kidogo katika miaka kumi waliyoichunguza.

Naijali mada hii kwa sababu ya namba moja nzito. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 yanasema usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 mwaka 2019. Anayeamini kwamba kompyuta imekwisha kumaliza tatizo hili hataona haja ya kuuliza nani anagharamia miaka kumi inayofuata, na swali hilo ni gumu kuliko la kemia. Kiuavijasumu kipya hutunzwa kwa ajili ya wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwatibu, na hutumika kwa siku chache tu, kwa hiyo mauzo yake huwa madogo hata kikifanya kazi vizuri. Kampuni ya Achaogen ya Marekani ilifika mwisho wa safari hiyo: dawa yake ya plazomisini ilipata kibali Juni 2018. Aprili 2019 kampuni ikafilisika, na dawa ikauzwa pamoja na mali zake nyingine.