Je, wajua kwa nini dawa ya vidung'ata hushindwa mpaka sisimizi wadhibitiwe?

Bandua gome la mzabibu ulioshambuliwa, karibu na pale shina linapogawanyika. Utaona wadudu bapa wa takriban milimita 3, weupe kama waliopakwa unga, na pamba za mayai. Hao ni vidung'ata. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na dawa ya kupuliza haipenyi gome wala nta yao.

Kidung'ata hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu yanayoota ukungu mweusi kwenye vishada. Sisimizi huyapenda mno, kwa hiyo humlinda anayeyatoa: huwafukuza mbawakawa wanaomla, na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya mwili wake. Ndiyo maana mashamba ya Afrika Kusini na Kalifonia huanza na sisimizi. Maadui hao wa asili wakipata nafasi, hufika hata pasipofikiwa na bomba la dawa.

Usiwapulizie sisimizi njiani, maana malkia yuko chini ya ardhi. Tumia chambo: gramu 250 za sukari na gramu 5 za asidi ya boriki, ongeza maji ya vuguvugu hadi ifike lita 1, koroga mpaka viyeyuke. Kosa kubwa ni kuzidisha sumu ukidhani itaua haraka: sisimizi hufa kabla ya kuifikisha kichuguuni, au huikataa kabisa. Weka kwenye chombo chenye kifuniko na matundu ya milimita 2 ili nyuki wasiingie, kivulini chini ya shina, mbali na watoto na mifugo. Kikikauka, badilisha. Kazi huchukua wiki kadhaa, hivyo anza mapema, kabla majimaji ya vidung'ata hayajawa mengi kiasi cha kushindana na chambo chako.

Fyeka pia magugu na inua matawi yanayogusa ardhi. Kila jani linaloning'inia ni daraja la sisimizi.

Tusilichukulie jambo hili kirahisi: vidung'ata hueneza virusi vya kujikunja majani, na mzabibu ulioambukizwa shambani hauna tiba. Hung'olewa. Watoto wao husafiri kwa upepo, nguo na mikasi, kwa hiyo hudumia safu zilizoshambuliwa mwisho. Dodoma, ambako mizabibu hupogolewa mara mbili kwa mwaka, kila upogoaji ni nafasi ya kubandua magome yaliyolegea, kukagua, na kuchoma mabaki yenye wadudu.