Je, wajua takwimu za saratani zinaweza kupanda bila mgonjwa kuongezewa hata siku moja?

Ukisikia saratani fulani ina asilimia 80 ya wagonjwa wanaoishi miaka mitano, jua hesabu imeanzia siku ugonjwa ulipogunduliwa, si siku ulipoanza. Mtego uko hapo.

Chukua mtu atakayefariki kwa saratani akiwa na miaka 67. Akigunduliwa na 63, ameishi minne tu, kwa hiyo hakufikisha mitano. Akigunduliwa na 60, tiba isimsaidie kitu na afariki umri uleule, ataandikwa kuwa ameishi saba. Asilimia imepanda, kaburi halijasogea.

Korea Kusini yalitokea makubwa zaidi. Upimaji wa shingo kwa ultrasaundi ulipoenea, saratani ya tezi ya shingo iliyogunduliwa iliongezeka mara 15 kati ya 1993 na 2011, lakini vifo havikubadilika. Wengi walikuwa na vivimbe vidogo ambavyo visingewadhuru maisha yao yote. Wakapasuliwa, tezi ikaondolewa, na sasa wanameza homoni kila siku. Karibu wote walivuka miaka mitano, basi kwenye jedwali ikaonekana tiba imefanya maajabu. Kwangu hayo ni madhara, si mafanikio.

Je, tofauti kati ya nchi na nchi nazo ni za karatasi tu? Hapana. Utafiti wa CONCORD-3, uliotoka 2018 ukiongozwa kutoka London, ulikusanya wagonjwa zaidi ya milioni 37 wa nchi 71. Uliondoa kwanza vifo ambavyo vingetokea hata bila saratani, ukasawazisha tofauti za umri wa wagonjwa. Bado, kwa aina ya saratani ya damu inayowapata zaidi watoto, Finland walifikisha miaka mitano asilimia 95, Ecuador 50 hivi. Ugonjwa huu humlaza mtoto ndani ya wiki chache, kwa hiyo hakuna miaka ya kuongezewa kwa kupimwa mapema. Pengo hilo ni la tiba yenyewe, inayochukua miaka miwili hadi mitatu: nauli ikikosekana au dawa zikikatika katikati, ugonjwa hurudi.

Kwetu ugumu huanza na kumjua nani yuko hai. Kampala ina rejista ya saratani, yaani daftari la wagonjwa wanaogunduliwa, tangu miaka ya 1950, lakini mgonjwa akisharudi kijijini na simu yake haipatikani, ukimhesabu yu hai kumbe alishazikwa, takwimu inapanda kwa uongo. Ndiyo maana wanaotunza rejista huwatafuta ndugu mmoja mmoja kwa simu, na wasipompata yeyote, huenda hadi nyumbani kwao.